Safari Fupi na Kijana: Kutoka Garissa hadi Mji Mkongwe wa Unguja

Bismillahi Rahmani Rahim.

Likizo ya Agosti inapokaribia, wazazi wa Garissa wenye uwezo kidogo huanza kuulizana wampeleke wapi kijana aliyemaliza muhula. Zamani jibu lilikuwa jepesi: aende kwa ami yake Eastleigh, au akamsaidie babu kuchunga ngamia. Siku hizi kijana wa miaka 15 au 16 ana simu mkononi, na simu hiyo imekwisha kumwonyesha Dubai na Istanbul kabla mzazi hajafungua kinywa. Mama anatamani siku chache nje ya nchi pamoja na mwanawe kabla hajakwenda chuo akawa mgeni nyumbani kwao. Kijana anatamani kuona, na kuwasimulia wenziwe aliyoyaona. Baba anauliza itagharimu kiasi gani. Kila mmoja wao ana haki ya neno lake.

Makusudio ya makala haya ni kueleza namna familia ya Garissa inavyoweza kupanga safari fupi ya namna hiyo, na kwa nini mimi huwaelekeza wanaoniuliza kwenye Mji Mkongwe wa Unguja kabla ya miji mingine. Lakini kabla ya kuutaja mji, yatupasa tumtazame msafiri mwenyewe.

Kijana huyu ana hukumu mbili juu yake. Kwa sharia yetu, mtoto hubaleghe kwa zile alama zinazojulikana, au kwa kutimiza miaka 15 ya Hijria, ambayo kwa kalenda ya miladi ni kiasi cha miaka 14 na nusu. Tangu siku hiyo sala ni yake, saumu ni yake, nia ni yake, na dhambi ni yake. Kwa sheria ya nchi, huyo huyo ni mtoto mpaka atimize miaka 18. Hapewi pasipoti bila ya cheti cha kuzaliwa na idhini ya wazazi. Basi kijana wa miaka 16 ni mtu mzima mbele ya Mola wake na ni mtoto mbele ya afisa wa uhamiaji. Mzazi anayeishika hukumu ya pili peke yake humfanya kijana kuwa mzigo wa safari, hubebwa na kushushwa kama begi. Anayeishika ya kwanza peke yake humwachilia katika mji wa watu, kisha akalaumu dunia. Safari fupi iliyopangwa vyema huzishika zote mbili.

Kina mama nawaomba mlizingatie jambo hili zaidi. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, mwanamke katika safari isiyokuwa ya faradhi huhitaji mumewe au mahram wa kufuatana naye. Mwana aliyebaleghe ni mahram wa mamake. Kwa hivyo mama anayetoka na mwanawe wa miaka 16 hakumchukua mtoto kwenda kumtembeza. Amefuatana na mtu ambaye sharia imempa wadhifa. Mwambieni hivyo mapema, naye atausimamisha mgongo. Akiwa msafiri ni binti, basi baba, kaka au mjomba aingizwe katika mpango tangu siku ya kwanza, wala si wiki ya kuondoka ndipo atafutwe.

Kupanga kuanze kwa shauri. Nabii Ibrahim (a.s.) alipopewa amri iliyo nzito kuliko zote, alimweleza mwanawe na akamtaka rai yake, hali amri ilikuwa imekwisha kushuka. Ikiwa katika jambo lile kijana aliulizwa, sembuse katika nauli na nyumba ya wageni? Nashauri mzazi asimletee kijana safari iliyokwisha kupikwa. Amletee fedha na siku: "Tuna shilingi kadhaa na siku nane, tuonyeshe tutakwenda wapi na vipi." Mpeni wiki moja apige hesabu ya Istanbul, Dubai na Unguja katika karatasi moja: tikiti, viza, malazi, chakula. Mkenya haombi viza ya kuingia Tanzania, na sehemu kubwa ya njia ya kwenda Unguja hupitika kwa basi. Aghalabu hesabu humfikisha kijana pale pale ambapo mzazi angemlazimisha, na tofauti ni kwamba amefika kwa miguu yake.

Hatua inayofuata ni karatasi, na kwa watu wa Kaskazini Mashariki hapa ndipo safari nyingi hufia. Watoto wengi wamezaliwa nyumbani au malishoni, wakasajiliwa baada ya miaka, na wengine hawajasajiliwa mpaka leo. Ombi la pasipoti ya kijana hupitia mtandao wa eCitizen, nalo hutaka cheti chake cha kuzaliwa pamoja na vitambulisho vya wazazi. Kitambulisho cha mzazi kikikwama, pasipoti ya mwana imekwama. Nasi twajua vilivyokwama ni vingi. Novemba 1989 serikali iliamuru Wakenya wenye asili ya Kisomali wahakikiwe upya, na tangu hapo kijana wa Garissa, Wajir au Mandera alipoomba kitambulisho alipelekwa mbele ya kamati ambayo mwenziwe wa Nyeri hakuijua. Wako pia waliojiandikisha makambini Dadaab wakati wa ukame ili wapate posho ya chakula, alama za vidole vyao zikabaki katika daftari la wakimbizi, na walipotaka kitambulisho wakaambiwa si Wakenya. Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitangaza kukomeshwa kwa uhakiki ule wa ziada. Mwenye karatasi yenye kasoro asingoje safari ndipo aishughulikie.

Kijana mwenyewe naye apewe sehemu ya kazi hiyo. Akae foleni pamoja na babake, ajue cheti chake kina namba gani na jina lake limeandikwa vipi. Herufi moja ikipishana kati ya cheti na pasipoti, ni yeye atakayesumbuka miaka 40 ijayo. Mzazi mmoja akiwa hasafiri, aandike barua ya idhini, mama au kijana aiweke pamoja na pasipoti. Pia wachanjwe homa ya manjano na wapate cheti chake, kwa kuwa Tanzania huwadai wanaotoka nchi zenye hatari ya maradhi hayo, na Kenya imo. Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, kwa hivyo anayechanjwa siku ya kuondoka amechelewa. Sindano moja hutosha umri mzima.

Sasa njia. Anayetaka wepesi huenda Nairobi, kiasi cha kilomita 370 kwa barabara ya Mwingi na Thika, kisha akapanda ndege ya muda mfupi hadi Unguja. Lakini kwa kijana napendelea kwenda kwa nchi kavu na bahari, na kurudi kwa ndege ikiwa fedha zaruhusu. Siku ya Jumanne wavuke daraja la Tana, wapite Madogo, washuke na mto kwa Bura, Hola na Garsen mpaka Malindi na Mombasa. Jumatano wavuke Likoni, wapite mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro, waingie Tanga na kuendelea hadi Dar es Salaam. Alhamisi asubuhi wapande boti. Kwa kiasi cha saa mbili wamefika Malindi ya Unguja. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili ni za mji. Jumatatu ni ya ndege kurudi Nairobi, na Jumanne ni ya nyumbani.

Wakati nao una hesabu yake. Likizo ya Aprili huangukia masika, na mto hausamehe. Mwisho wa 2023, na tena Aprili 2024, mafuriko ya Tana yaliikata barabara pale Kona Punda, kati ya Madogo na Garissa, watu wakawa wanavushwa kwa mashua, na Aprili ile mashua ilizama na roho zikapotea. Allah awarehemu. Agosti nchi ni kavu. Bahari ya kusi huwa na mawimbi, na kijana aliyelelewa mbali na pwani huenda akaumwa na tumbo ndani ya boti. Hilo lina dawa ya limau na subira.

Katika ratiba hiyo mna jambo la fiqhi linalofaa kusomeshwa nyumbani kabla ya kuondoka. Akishayapita majengo ya mji wake, msafiri wa safari ndefu huruhusiwa kufupisha Adhuhuri, Alasiri na Isha, na kukusanya sala kwa mpango unaojulikana. Kwa Mashafi, ruhusa hukatika atakaponuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka. Aliyeingia Unguja Alhamisi akatoka Jumatatu amekaa kati yake siku tatu, basi yeye ni msafiri kutoka Garissa mpaka arudi Garissa. Akisali nyuma ya imamu mkaazi, hukamilisha rakaa nne pamoja naye. Ijumaa si wajibu juu ya msafiri, lakini nani atafika Unguja siku ya Ijumaa akakosa kuhudhuria? Kazi ya kuzijua nyakati za sala, kumwomba dereva asimame, na kutafuta pahali pa mama kutawadha, akabidhiwe kijana. Mtume (s.a.w.) ameelekeza kwamba wasafiri wakiwa watatu wamweke mmoja wao awe kiongozi. Katika mambo ya sala kiongozi na awe yeye.

Na kwa nini Unguja? Mtoto wa Garissa hukua akiambiwa, kwa maneno na kwa vitendo, kwamba yuko pembeni. Serikali iko Nairobi, dini yadhaniwa imetoka mbali kabisa, na akitaja kwao mbele ya mgeni, mara nyingi jambo la kwanza analoulizwa ni shambulio la Chuo Kikuu la tarehe 2 Aprili 2015, walipouawa watu 148. Msiba ule ni wetu pia na hatuusahau. Lakini kijana hawezi kuishi ndani ya jibu hilo moja. Anahitaji kusimama mahali ambapo historia ya watu wake haiko pembeni, na Mji Mkongwe ni mahali hapo.

Simameni mbele ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Mwambieni kijana kwamba aliyetawala kutoka hapa alitawala pia Mogadishu, Marka na Barawa, mpaka bandari hizo zilipokodishwa kwa Waitaliani mwaka 1892. Kismayu, ambako familia nyingi za Garissa zina jamaa, nayo ilikuwa ya Sultani, kisha ikawa chini ya Waingereza pamoja na Kenya, na haikutengwa nasi mpaka 1925. Mpaka wa Liboi, anaoufikiria kuwa wa tangu na tangu, una umri wa mzee mmoja.

Kisha mwende Ukutani, kwenye madrasa ya Sheikh Abdallah Bakathir. Yeye alizaliwa Lamu. Sahibu yake Sayyid Ahmad bin Sumait alizaliwa Ngazija. Wote wawili walifariki mwaka 1925, baada ya kuwasomesha watu waliotoka kila upande wa pwani hii. Sheikh Uways wa Barawa, aliyefariki 1909, ndiye aliyeieneza tarika ya Qadiriyya Unguja na kupita hapo mpaka bara. Kijana ambaye nyanya yake husoma dhikri ya Kadiri katika bulla ya Garissa atatambua kwamba sauti ile imepita pia katika vichochoro hivi. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja, alikuja Kenya kuwa Kadhi Mkuu mwaka 1968, na tafsiri yake ya Qurani kwa Kiswahili ilichapishwa Nairobi 1969. Huenda iko katika rafu ya nyumbani kwenu. Kitabu chake juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika kifaa kusomwa na kijana kabla ya safari, kwa kuwa majina atakayoyakuta ndani yake ndiyo atakayoyakuta mjini.

Nusu ya siku iwekwe kwa ajili ya Kizimkazi, kusini ya kisiwa, ambako msikiti una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Msikiti wa Fakhr ad-Din wa Mogadishu ni wa 1269. Mshikeni kijana mkono asome tarehe kwa macho yake. Dini haikuletwa kwetu juzi kwa gari.

Pana mahali pengine ambapo wazazi wengi hupapita haraka, nami nasema pasipitwe: Mkunazini, uliokuwa mnada wa watumwa mpaka ulipofungwa mwaka 1873. Kanisa limejengwa pale, lakini maonyesho yana jumba lake pembeni, wala hakuna haja ya kuingia kanisani. Kijana ataona minyororo, na atasoma kwamba wengi wa wauzaji na wanunuzi walikuwa na majina kama lake. Usimfiche wala usimtafutie udhuru. Kisha muunganishie na kwao. Katika watu waliouzwa kupitia Unguja, walikuwamo Wazigua waliopelekwa Benadir, wakatorokea bonde la Juba. Wazao wao, wengine wakinena Kizigua mpaka leo, walikimbia vita vya 1991 wakafika Dadaab, ndani ya kaunti yetu. Baadhi yao walirudi hadi Handeni, Tanzania, ambako serikali iliwapa uraia mwaka 2014. Jumatano ile, basi lilipopita Segera, kijana alikuwa katika wilaya hiyo bila ya kujua.

Nasema haya kwa sababu katika mitaa ya Garissa mtoto husikia neno "jareer" likitupwa kwa mwenye nywele ngumu, na husikia watu wazima wakicheka. Posa hukataliwa kwa neno hilo. Mtume (s.a.w.) aliyemtukuza Bilal alikwisha kutwambia kwamba ubora ni kwa takua, nasi tunaendelea kupima nywele. Khutuba juu ya jambo hili nimetoa nyingi. Naamini saa moja Mkunazini, mzazi akiwa pembeni na akikubali kuulizwa, humfanyia kijana kazi ambayo khutuba hazikuifanya. Atakapouliza, "Basi na sisi tuliwafanyia nini?", mzazi asikasirike. Swali hilo lina thamani ya nauli yote.

Yabaki mambo madogo. Unguja ni mji wa watalii, na kijana ataona mavazi na vinywaji ambavyo hakuvizoea. Aambiwe kabla, kwa sauti ya kawaida, na mchague nyumba ya wageni iliyo katikati ya makaazi ya Waislamu, jirani na msikiti. Fedha za siku moja awekewe yeye mkononi: noti za Tanzania zina sifuri nyingi, kubwa yao ni ya 10,000, na atakayekosea hesabu mara moja hatakosea tena. Jioni Forodhani anunue urojo na maji ya miwa kwa Kiswahili chake mwenyewe. Akichekwa lafudhi, acheke naye, kisha asikilize. Simu ipige picha za milango na misikiti, si za wake za watu. Na mama achukue nyirinyiri ndani ya kopo, kwa maana bibi zetu walikijua chakula cha njiani kabla ya mikahawa.

Mkirudi, msimwache kijana alale na safari yake ndani ya simu. Akae mbele ya nyanya yake, amsimulie kwa Kisomali alichokiona Kizimkazi, Ukutani na Mkunazini, na wadogo zake wasikilize. Hesabu ya fedha ailete kwa babake, iliyobaki na iliyopotea. Kisha aulizwe mwaka ujao, Allah akitujaalia uzima, ni nani katika familia hajasafiri, na yeye atampangiaje.

Twamwomba Allah awahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu na wa baharini, na awarejeshe kwa ahali zao salama. Amin.